Sharti la Hadithi: Namna ya Kulinganisha Sizoni za Kisayansi

Vijana wa Mbeya na Iringa wanaofuatilia sizoni za kisayansi huzilinganisha kwa bidii ambayo ningetamani tungeielekeza pia kwenye riwaya zetu, na kwa sababu hiyo ubishi wao unastahili kuchukuliwa kwa uzito. Tatizo ni vipimo wanavyovitumia. Kule Kabwe na Mwanjelwa, au katika vyumba vya kupanga vya wanafunzi pale Kihesa, anayeipenda Star Trek hutaja wingi wa misimu yake. Anayeipenda Doctor Who hutaja umri, kwa kuwa BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963. Anayeipenda The Expanse hutaja ubora wa picha na kuzibeza nyingine kwa kuwa zimechakaa. Kisha hufuata swali ambalo halikosekani, yaani chombo gani kingekishinda kingine kama vingekutana angani, na swali hilo halina jibu kwa sababu kila chombo kilipewa na waandishi wake nguvu zile tu ambazo epizodi ya wiki ile ilizihitaji.

Hoja yangu kuhusu jambo hili ni moja. Hadithi ya kisayansi hubadilisha kitu kimoja au viwili katika ulimwengu tunaoujua: mtu anaweza kuhamishwa papo hapo kutoka chomboni hadi ardhini, au roboti inaweza kufikiri, au watu wamezaliwa na kukulia mahali ambapo uzito wa mwili ni mdogo kuliko wetu. Badiliko hilo ni sharti ambalo hadithi imejiwekea yenyewe. Sizoni bora, kwa maoni yangu, ni ile inayolitii sharti lake hadi mwisho na kufuatilia matokeo yake mpaka kwa mpishi, fundi, mgonjwa na mtoto, bila kuishia kwa nahodha na maadui zake peke yao.

Kipimo hiki tumekikuta nyumbani. Katika ngano tulizosimuliwa kwenye baridi ya Juni, ambayo watu wa Makete na Njombe wanaijua kuliko wengi, mganga humpa kijana dawa na kumwambia asigeuke nyuma hadi avuke mto, au binti huolewa na mgeni mzuri kwa sharti la kutofungua chumba kimoja. Tangu hapo kila msikilizaji, hata aliye mdogo kuliko wote pale motoni, hulishikilia sharti lile akilini na kusubiri. Msimuliaji anaweza kuchelewa, anaweza kuzunguka, anaweza kuimba katikati, lakini hawezi kumwacha kijana ageuke nyuma halafu kusitokee lolote. Akifanya hivyo hadithi imekufa, na watoto watamwambia wazi. Inanisikitisha kwamba watu waliolelewa miongoni mwa wasikilizaji wakali namna hiyo wanakubali kuzipima sizoni kwa mwanga wa bunduki zake.

Sehemu ya sababu ni namna kazi hizi zilivyotufikia. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, mwaka uleule ambao Star Trek: The Next Generation ilimaliza msimu wake wa saba na wa mwisho, na Babylon 5 ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Hatukuzifuata kwa mpangilio wa kuzaliwa kwake. Kazi ya mwaka 1966 na kazi ya mwaka 2015 zilitufikia kwa pamoja, kwenye diski na baadaye kwenye flashi, zikiwa zimepangwa katika mafaili ya duka moja dogo ambako kijana hulipa, huchomeka flashi yake na kuondoka na msimu mzima, au nusu ya msimu pale nafasi inapokwisha. Mtazamaji aliyepata epizodi ya kwanza hadi ya sita, kisha ya tisa, ataifurahia Stargate SG-1, ambayo ina epizodi 214 na nyingi kati yake hujitegemea, lakini ataiona Babylon 5, ambayo ni hadithi moja ndefu, haina kichwa wala miguu. Hukumu yake itakuwa imeihukumu flashi.

Halafu kuna tafsiri. Wanaotusimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji ni wasanii wenye kipaji, na bila wao wazazi wengi wa Rungwe na Mufindi wasingeionja kabisa ladha ya hadithi hizi. Ila sauti moja haiwezi kubeba mabishano ya watu sita mezani, na kwa hiyo kinachochaguliwa kutafsiriwa mara nyingi ni kile chenye mapigano, na ndani ya kile kilichochaguliwa kinachopunguzwa kwanza ni mazungumzo. Sharti la hadithi ya kisayansi hutangazwa kwenye mazungumzo. Likipotea pale hubaki mwanga na mlipuko, na mashabiki hulinganisha kilichobaki.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kutii sharti na kulikwepa unapatikana ndani ya mwaka mmoja, 1966. Tarehe 8 Septemba mwaka huo kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha Star Trek. Gene Roddenberry, aliyeibuni, alikuwa na tatizo la fedha, kwa kuwa kuonyesha chombo kikubwa kikitua kwenye sayari mpya kila wiki kungemaliza bajeti. Ukabuniwa mtambo unaomvunjavunja mtu kuwa chembe na kumuunganisha upya mahali pengine kwa sekunde chache. Wiki saba hivi baadaye, tarehe 29 Oktoba, upande wa pili wa bahari, watayarishaji wa Doctor Who walikuwa na dhiki ya namna nyingine. William Hartnell, mwigizaji wao mkuu, alikuwa amedhoofika kiafya, nao wakaamua kwamba mhusika wake, msafiri wa angani na wa nyakati aitwaye Doctor, anaweza kujigeuza kuwa mtu mwenye sura na tabia nyingine. Siku hiyo watazamaji wa Uingereza walimwona amelala sakafuni, na uso wake ukageuka kuwa wa Patrick Troughton.

Mambo haya mawili yalizaliwa na shida za uzalishaji, na yote mawili yakawa masharti. Lile la Doctor Who limetiiwa. Kila mhusika mkuu anapogeuka, rafiki zake hulazimika kujiuliza kama huyu ndiye yule waliyemwamini. Katika epizodi ya Krismasi ya mwaka 2005, Rose, msichana aliyesafiri naye, anakaa na mgeni aliyelala akiwa na sura asiyoijua na anakata tamaa, na hadithi inampa muda wa kukata tamaa. Mwaka 1976 sizoni ilijiongezea kikwazo kwa kusema kwamba mtu wa jamii ya mhusika huyu anaweza kujigeuza mara 12 tu, idadi ambayo wakati ule ilionekana haitafikiwa. Ilipofika mwaka 2013 ilikuwa imekwisha, na waandishi hawakujifanya wamesahau: walimzeesha mhusika wao katika mji mmoja mdogo anaoulinda, wakamfikisha ukingoni mwa kifo, kisha wakampa awamu mpya kwa maombi ya rafiki yake. Suluhisho lile silipendi, kwa sababu deni lilisamehewa badala ya kulipwa, lakini angalau waandishi walikiri hadharani kwamba deni lipo. Sharti hilohilo ndilo lililowezesha nafasi ile kushikwa na Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kuongoza sizoni hiyo, na baadaye na Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992, bila mtazamaji kuombwa asahau chochote alichoambiwa kabla.

Mtambo wa Star Trek, kwa upande wake, ulikwepwa kwa miaka mingi. Mashine inayoweza kumhifadhi mtu kama taarifa na kumrudisha akiwa mzima ingebadilisha hospitali, mahakama, mirathi na hata mazishi. Katika epizodi ya The Next Generation ya mwaka 1992 iitwayo Relics, Montgomery Scott, fundi mkuu wa chombo cha zamani, anakutwa akiwa amehifadhiwa ndani ya mtambo huo kwa miaka 75, na anatoka na umri uleule alioingia nao. Epizodi zilizofuata ziliendelea kana kwamba hakuna kilichogunduliwa. Hakuna daktari aliyeuliza kwa nini mgonjwa asiye na dawa asihifadhiwe vivyo hivyo mpaka dawa ipatikane.

Swali hilo liliulizwa mwaka 2022, katika Star Trek: Strange New Worlds, na hapo ndipo Star Trek ilipopanda sana katika hesabu yangu. Daktari M'Benga ana binti mdogo, Rukiya, mwenye ugonjwa usio na tiba. Amemficha bila ruhusa ndani ya mtambo wa dharura wa hospitali ya chombo, akiwa hana umbo, ili ugonjwa usisonge mbele. Lakini taarifa za mwili ndani ya mtambo huharibika zisipohuishwa, na kwa hiyo kila baada ya muda baba humtoa. Mtoto hutokea akiwa na uchangamfu uleule alioondoka nao, kwa kuwa kwake yeye muda haujapita. Baba humsomea kitabu cha hadithi, na kabla hadithi haijaisha humwambia kwamba wakati wa kurudi umefika. Mtazame Babs Olusanmokun, mwigizaji wa nafasi ya daktari, pale mtambo unapowaka tena: mtoto hajui kwamba alikuwa hayupo, baba anazijua siku zote. Kifaa kilichobuniwa ili kuokoa gharama za kutua kimegeuka kuwa jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kulala wodini na mtoto analielewa bila kuelezwa, na imewachukua waandishi wa Star Trek miaka 56 kulifikia.

Nisingependa kuwahukumu waandishi wa zamani kwa ukali wasioustahili, maana ukwepaji wao ulikuwa na sababu za kibiashara. Katika televisheni ya Marekani ya wakati ule faida kubwa ilipatikana pale sizoni ilipouzwa kwa vituo vya mikoani ili irudiwe siku baada ya siku, na wanunuzi walitaka epizodi 100 hivi zinazoweza kurushwa kwa mpangilio wowote. Mhusika akivunjika mguu leo, kesho lazima atembee, kwa kuwa kituo cha mji mwingine huenda kikaanza na epizodi ya kesho. Star Trek ya kwanza ilikatishwa mwaka 1969 ikiwa na epizodi 79 tu, na ni marudio ya miaka ya 1970 yaliyoijengea umati wa mashabiki. Kusahau kulikuwa sehemu ya bidhaa yenyewe, na wanaozibeza kazi hizo kwa kusahau wanapaswa kulijua hilo kwanza.

Ndani ya ufinyu huo yalifanyika mambo makubwa. Mwaka 1966 Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, aliwekwa kwenye chumba cha uongozi cha chombo akiwa Uhura, afisa wa mawasiliano, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipotaka kuiacha kazi hiyo Martin Luther King alimsihi abaki. Katika epizodi ya The Next Generation ya mwaka 1989 iitwayo The Measure of a Man, Data, roboti mwenye cheo cha afisa, anatakiwa kufunguliwafunguliwa ili achunguzwe, na mahakama inapaswa kuamua kama ana haki ya kukataa au ni mali kama kompyuta ya chombo. Nahodha Picard anaipata hoja yake pale Guinan, mwanamke mweusi anayehudumia vinywaji chomboni, anapomkumbusha kwa upole kwamba historia ya walimwengu wengi ina viumbe waliotengwa kwa kazi chafu na kisha kutupwa. Mwaka uliofuata Data alijitengenezea binti, wakubwa wakataka kumchukua, na Picard akairudisha mezani hukumu ile. Kwa sizoni iliyolazimika kusahau kila wiki, kumbukumbu hiyo ilikuwa ujasiri.

Walioamua kuvunja kabisa utaratibu wa kusahau walifanya hivyo katikati ya miaka ya 1990. Star Trek: Deep Space Nine iliuvunja polepole, msimu baada ya msimu. J. Michael Straczynski aliuvunja kwa makusudi: Babylon 5 ilipangwa tangu mwanzo iwe hadithi moja ya miaka mitano, na yeye mwenyewe aliandika 92 kati ya epizodi zake 110. Picha zake za kompyuta leo zinaonekana za kitoto, na hapo ndipo mashabiki wetu wengi huiacha. Nawasihi wavumilie. Balozi Londo, anayepokea msaada wa watu asiowajua katika msimu wa kwanza, analipia msaada ule mpaka siku anapokalia kiti cha enzi, na kiti chenyewe kinakuwa sehemu ya malipo.

Ronald D. Moore, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa Deep Space Nine, aliupeleka mwelekeo huo mbele zaidi katika Battlestar Galactica iliyoanza mwaka 2004. Sharti lake ni kali: dunia zote za binadamu zimeteketezwa na roboti ambazo binadamu walizitengeneza wenyewe, na waliosalia ni kama watu 50,000 katika msafara wa vyombo vinavyokimbia. Katika epizodi ya kwanza ya msimu wa kwanza adui huwafikia kila baada ya dakika 33, nao hawajalala kwa zaidi ya siku tano. Rais Laura Roslin ana ubao mweupe wenye idadi ya watu walio hai, na idadi hiyo hufutwa na kuandikwa upya kila inapopungua. Epizodi inapokaribia kuisha anaambiwa kwamba katika chombo kimoja amezaliwa mtoto wa kiume, naye anaongeza moja: 47,973. Idadi ile haikuwa pambo la siku moja. Epizodi inayofuata inaanza nayo, na tatizo la epizodi hiyo ni maji, kwa kuwa matangi yamelipuliwa na ghafla msafara mzima unapaswa kupiga hesabu ya kila tone. Mtazamaji anayetafuta mapigano peke yake ataiona epizodi ya maji imepoa. Mimi naiona ndiyo uthibitisho kwamba waandishi walikuwa wanamaanisha walichokisema.

Ndiyo maana mwisho wake unauma. Katika epizodi ya mwisho, ya mwaka 2009, watu hao wanafika kwenye sayari nzuri, wanavituma vyombo vyao vyote juani na kukubali kuanza maisha bila mitambo wala hospitali, na hasikiki mama mmoja akisimama kuuliza nani atamzalisha mwanawe. Hadithi iliyomhesabu mtoto mmoja kwenye ubao haikuwahesabu wajawazito ilipofika kwao. Nimewahi kuelezwa na mashabiki wenzangu kwamba uamuzi ule ni wa kiroho na haupaswi kupimwa kwa akili za kawaida. Siukubali utetezi huo, kwa sababu misimu minne ilikuwa imetufundisha kuzitumia akili hizohizo.

Nafasi ya kwanza naipa The Expanse, yenye epizodi 62 zilizotoka kati ya mwaka 2015 na 2022, iliyotokana na vitabu vya Daniel Abraham na Ty Franck wanaoandika kwa jina moja la James S. A. Corey. Sharti lake ni la kifizikia: uzito wa mwili chomboni haupatikani kwa miujiza. Chombo kinapoongeza mwendo abiria hukandamizwa sakafuni. Injini ikizimwa huelea. Kwa hiyo sakafu za chombo zimepangwa moja juu ya nyingine kama ghorofa, injini ikiwa chini kabisa, na msafiri wa mwendo mkali hudungwa dawa ili mwili wake uuhimili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wana haki ya kulifurahia hili kwa jicho la wahandisi, lakini waandishi hawakuishia kwenye uhandisi. Watu waliozaliwa na kukulia kwenye Ukanda wa Asteroidi, yaani eneo la miamba inayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, ambako vitu vina uzito hafifu, wamekua warefu na mifupa yao ni dhaifu. Katika epizodi ya kwanza mtu wa Ukanda aliyekamatwa anahojiwa akiwa Duniani, na hapigwi. Ametundikwa tu, na uzito wa Dunia unafanya kazi yote ya mtesaji. Siasa nzima ya sizoni imo kwenye picha ile, kwa kuwa mwenye Dunia hahitaji silaha dhidi ya mtu ambaye mwili wake hauwezi kuibeba Dunia.

Kisha yako maji. Ceres, kitu halisi cha angani chenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, katika sizoni hii ni kituo cha mamilioni ya watu ambacho barafu yake ilishachukuliwa na Dunia na Mirihi, na wakazi wake wanaishi kwa mgao wa maji yanayotokana na barafu inayosombwa kutoka kwenye pete za Zohali. Canterbury ni chombo cha kusomba barafu hiyo, kikuukuu, chenye wafanyakazi wanaowaza posho na mapumziko, kama madereva wa malori wanaolala Mafiati wakielekea Tunduma. Kisha kinalipuliwa. Huko Ceres kinachofuata ni hofu ya maji, kisha ghasia, kisha vyama vya siasa vinavyoigeuza hofu kuwa mtaji.

Mtazamaji wa Mbarali haelezwi jambo hili mara mbili. Maji ya bonde la Usangu humwagilia mpunga, hunywesha mifugo, huitunza ardhi oevu ya Ihefu, kisha kwa jina la Ruaha Mkuu huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kwenda kujaza bwawa la Mtera. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Nani yuko juu na nani yuko chini, nani anafungua na nani anasubiri, nani anaitwa mharibifu na nani anaitwa mwekezaji: maswali ya Ceres ni haya, na mkulima wa Ubaruku ana sifa zote za kuwa mhakiki wa sizoni hii. The Expanse ina kasoro zake pia. Msimu wa sita una epizodi sita tu, na unatufungulia hadithi ya sayari ya Laconia ambayo haikupewa nafasi ya kuisha. Lakini sharti la uzito na sharti la maji halikuvunjwa ili kumwokoa mhusika yeyote, hata wale tuliowapenda.

Kuhusu Star Wars nitasema machache. Filamu ya mwaka 1977 ililipua silaha kubwa kuliko zote bila kuuliza nani aliijenga. Andor, sizoni ya misimu miwili iliyoanza mwaka 2022, imelijibu swali hilo: wafungwa wanaotembea pekupeku kwenye sakafu inayoweza kutiwa umeme wakati wowote wanaunganisha vyuma zamu baada ya zamu bila kujua ni vya nini, na mwisho wa msimu wa kwanza tunaonyeshwa vyuma vile vikifungwa kwenye silaha hiyohiyo. Kwa kazi hiyo naiweka juu ya Galactica. Firefly ya mwaka 2002 siipangi popote, kwa kuwa ilikatishwa ikiwa na epizodi 14, na wanaoiweka kileleni wanaipima kwa yale ambayo ingeweza kuwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kipimo changu inatoka Ujerumani. Dark, yenye epizodi 26 zilizotoka kati ya mwaka 2017 na 2020, imejiwekea sharti la wakati unaozunguka kwa hatua za miaka 33, na inalitii kwa ukali ambao sijauona kwingine. Kila kitu kinafunga. Charlotte ni mama mzazi wa Elisabeth, na Elisabeth huyohuyo ndiye mama mzazi wa Charlotte. Kwetu sisi, ambao hatuwezi hata kuamkiana sawasawa kabla ya kujua nani ni nani kwa nani, uhusiano huo unashtua kwa namna ambayo nadhani waandishi wenyewe hawakuitarajia, na nimewaona watazamaji wa Iringa wakichora nasaba hizo kwenye daftari ili wasipotee. Pamoja na hayo, siipi Dark nafasi ya kwanza. Wahusika wake wanalitumikia sharti kiasi kwamba mara nyingi hawabaki na jambo la kutaka wao wenyewe. Huambiwa walichokwisha kukifanya, na hukifanya. Kwa hiyo nakiri kwamba kutii sharti peke yake hakutoshi. Lazima sharti limkute mtu mwenye haja yake, kama baba yule na kitabu cha hadithi, au mkazi wa Ceres mwenye ndoo tupu, na ligongane na haja hiyo.

Barani kwetu kazi ya namna hii ipo, ila bado ni fupi. Kizazi Moto: Generation Fire, ya mwaka 2023, ni mkusanyiko wa filamu 10 za katuni kutoka nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, Tanzania haimo, na kila filamu inaisha ndipo sharti lake linapoanza kunoga. Iliyonishika zaidi ni ya zamani kidogo, Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Katika dakika zipatazo 20 inatuonyesha jamii iliyobaki baada ya vita vya maji: umeme unazalishwa na watu wenyewe wakifanya mazoezi kwenye mashine, jasho na mkojo vinachujwa ili vinyweke, na hakuna anayeruhusiwa kutoka nje. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anaotesha mbegu kwenye udongo alioletewa, anatoka nje kinyume cha amri na kuumwagia mche wake maji ya mwisho aliyo nayo. Hakuna mvua inayokuja kumwokoa kwa wakati. Kwa kipimo ninachokitetea, dakika zile chache zimelitii sharti lake kuliko misimu mingi niliyoitaja hapa.

Siwezi kuilinganisha filamu fupi na sizoni ya epizodi 62, na sitajaribu. Ninachotaka ni waandishi wetu wa Mbeya na Iringa wachukue sharti moja la namna ile na kuliendesha kwa epizodi sita au nane. Wasianze na chombo cha angani, ambacho kitawamalizia fedha kama kilivyotaka kummalizia Roddenberry. Waanze Mbarali, miaka 50 ijayo, na mtu wa zamu kwenye banio la maji ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga kwa saa zilizopangwa na mtambo usiojua kwamba mke wake ana shamba upande wa chini. Wamwonyeshe fundi anayeukarabati mtambo huo, mfugaji anayeuhonga, na mtoto aliyezaliwa baada ya mto kukauka na ambaye hajawahi kumwona kiboko. Sizoni hiyo ikitoka, na ikilitii sharti lake mpaka epizodi ya mwisho bila kumletea mtu yeyote mvua ya msaada, The Expanse itashuka hadi nafasi ya pili katika orodha yangu.